Siku dada alipoikata orodha yangu

Mwaka 2014 nilikuwa najiandaa kufanya SAT, mtihani ambao vyuo vingi vya Marekani wakati huo viliutumia kuchuja waombaji. Hesabu hazikunisumbua. Kilichoninyima usingizi ni yale maswali ya kujaza mapengo: unapewa sentensi yenye nafasi moja au mbili, machaguo matano chini yake, na machaguo yenyewe ni maneno ambayo hata mwalimu wangu wa Kiingereza sikuwahi kumsikia akiyatamka.

Nilikuwa na orodha ndefu iliyopangwa kialfabeti, nikiikariri kama kasuku. Jumamosi moja dada, aliyekwisha kuufanya mtihani huo, akaniuliza maana ya abstruse. Nikampa ya abstemious. Akauliza ingenuous, nikampa ya ingenious. Hakucheka. Alikwenda kuchukua mkasi.

"Dada, hiyo nimeichapa jana tu!"

"Maneno yanayofanana umeyapanga jirani, unategemea nini? Shika huku."

Tulikaa sakafuni mchana kutwa, vipande vya karatasi vimetuzunguka. Aliniambia niyapange kwa ukoo. Bene ni vizuri katika Kilatini, male ni vibaya. Basi benevolent akakaa mkabala na malevolent, benefactor na malefactor, benediction na malediction. Halafu ukoo wa loqui, kusema: loquacious, eloquent, colloquial, soliloquy. "Si ndivyo unavyojua soma, somo, msomaji na kisomo bila kukaririshwa na mtu?" aliuliza. Hapo nikaanza kuona raha, nikawa namnyang'anya vipande.

Raha ikanizidi. Kwenye bellum, vita, niliweka belligerent na bellicose, kisha kwa majivuno nikaongeza embellish. Akakiondoa kipande bila kusema neno. Hilo limetokana na bellus, kitu kizuri. Ni kupamba, halihusiani na vita hata kidogo. Akaanzisha rundo jingine la matapeli na kuyaandika kwa wino mwekundu. Enervate linasikika kama kutia nguvu, kumbe ni kuzimaliza. Noisome halina kelele yoyote, ni uvundo. Kwa maoni yake rundo hilo ndilo la kurudia kila siku, na mengine yangeweza kusubiri. Nami hadi leo naona mizizi ya maneno bila rundo la matapeli ni hatari tupu.

Jioni akanipigia hesabu. Jibu sahihi alama moja, pengo uliloliacha sifuri, kosa linakukata robo. Ukibahatisha kati ya matano, kwa wastani hupati wala hupotezi. Lakini ukifuta hata moja tu kwa uhakika, kubahatisha kunaanza kulipa. Kwa hiyo si lazima ulijue neno lote. Jua tu linasifu au linaponda, kisha tazama sentensi: ikianza na although, yaani ingawa, ujue upepo utageuka katikati. Kwangu hilo lilikuwa na thamani kuliko kamusi nzima, maana maneno niliyoyajua nusu nusu yalikuwa mengi mno.

Siku ya mtihani wenyewe siikumbuki sana. Nakumbuka baridi ya chumba, na penseli yangu ikikata machaguo moja baada ya jingine kabla hata sijafikiria jibu. Alama zikatosha, nikapata chuo.

Machi 2016 waandaaji wakaleta SAT mpya. Maswali ya mapengo yakaondolewa, adhabu ya robo nayo ikafutwa. Maneno yakawa yanaulizwa ndani ya vifungu vya kusoma, na mengi ni yale ya kawaida. Mdogo wetu alifanya huo mpya, akatuambia mimi na dada kwamba tuliteseka bure. Simbishii sana. Ila ndiye huyo huyo aliyenipigia simu muhula wake wa kwanza chuoni, profesa amemwandikia circumlocution, yaani kuzungusha maneno, pembeni mwa insha yake, anataka kujua kama amesifiwa au amepondwa.