Povu la kijani kwenye ubinda

Mwanangu wa pili alipotimiza wiki 3, nikiwa bado ndani ya arubaini nyumbani kwa mama huku Wete, alianza kupata choo cha majimaji, cha kijani na chenye povu, mara 8 au 9 kwa siku, na makalio yakawa mekundu hata akawa analia nikimtawaza. Jioni alijaa gesi, akikunja miguu na kupiga kelele. Bibi alisema ni mchango na akachemsha majani. Jirani akashauri nimwachishe, eti maziwa yangu hayamkubali. Mimi nilijinyima chai ya maziwa kwa siku 10, wala hakukubadilika kitu.

Muuguzi wa kliniki alianza na kadi. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3.1 alikuwa amefika 4.4 katika wiki ya 5, na mkojo ulikuwa mwingi. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: ninanyonyesha vipi? Nikamjibu kwamba humhamisha titi kila baada ya dakika 5, kwa kuwa yote mawili hunijaa.

Alinieleza kwamba kwa kumhamisha upesi nilimpa zaidi maziwa yanayotangulia, ambayo hayana mafuta mengi, hivyo hupita tumboni upesi, na sukari yake, yaani laktosi, ikifika kwenye utumbo mpana kabla ya kusagwa, huchachuka na kuleta gesi, maji na povu. Laktosi hiyo hutengenezwa na titi lenyewe, kwa hiyo chai yangu haikuwa na hatia. Mtoto anayezaliwa bila uwezo wa kuisaga ni nadra mno, naye huharisha tangu siku za mwanzo na hanenepi.

Nilianza kumwacha amalize titi moja mpaka aliachie mwenyewe, ndipo nimpe la pili, na lililojaa sana nikilikamua kidogo tu nipate nafuu. Siku ya 4 povu lilipungua. Baada ya wiki 2 choo kilikuwa cha njano.

Nilionywa nirudi mara moja nikiona damu chooni, homa, utosi uliobonyea au mkojo uliopungua, kwani damu huweza kuashiria mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na hapo ndipo chakula cha mama huhusika. Sikuona hata kimoja. Kilio cha jioni, hata hivyo, kiliendelea kidogo hadi karibu miezi 3.