Jetiski ilikunywa maji chumvi, na injini ni ileile mpaka leo

Naandika hii kwa sababu nimeona jetiski (pikipiki za majini) nzima kabisa zinatupwa skrepa hapa Dar kisa injini iliingia maji, inaniuma kwa kweli, maana ya kwangu iliingia maji tena ya bahari na saivi inapiga kazi kama kawa. Injini nyingi haziuliwi na yale maji, zinauliwa na yale masaa yanayofuata, chumvi ikishakutana na hewa ndani ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni).

Tulikuwa tunarudi kutoka kisiwa cha Mbudya, kaskazi linavuma, mara nguvu ikapungua na nyuma ikawa nzito, kabla sijafungua siti injini ikazima yenyewe. Hosi ya maji ya kupozea ilikuwa imechomoka, klipu yake imeliwa na kutu, kwahiyo kadri injini ilivyozunguka ndo ikawa inajaza maji ndani ya bodi, yalipofika usawa wa kabureta ikayanywa. Nikaikunja ile hosi nikaifunga na kamba, wavuvi wakatuvuta taratibu mpaka Kunduchi. Na kuvutwa ni taratibu kweli, ukivutwa mbio maji yanasukumwa kwenye njia ya kupozea yanaweza kuingia hadi kwenye silinda.

Kufika ufukweni kila mtu anasema piga stata, piga stata. Bahati alikuwepo mzee mmoja fundi wa mashine za wavuvi, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, halafu hapohapo, "Mwambie huyo atoe kidole kwenye stata." Maana maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta inagota, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inapinda, na hapo sasa ndo umeua injini kweli.

Tukachomoa betri kwanza, halafu plagi zote mbili. Tukaiegemeza kwenye matairi na kuigeuza ili matundu ya plagi yaangalie chini (kwa nyuma kuna stika inaonyesha ugeuzie upande gani, ifuate). Yakamwagika maji yamechanganyika na petroli na oili, mzee akakinga ndoo, hakutaka tone lifike baharini, na yuko sahihi, Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975 na wote tunakula humo.

Kilichofuata watu wengi wanakiruka. Ya kwangu ni tuu stroku, haina oili inayokaa chini kwenye sampu, beringi za kranki zinalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli tu, kwahiyo maji chumvi yakituama pale chini yanazila beringi moja kwa moja. Tukanunua madumu ya maji ya bomba, sio ya kisima maana visima vingi vya pwani vina chumvi, tukamimina kwenye plagi na kwenye mdomo wa kabureta, tunazungusha kwa mkono, tunamwaga, tunarudia mpaka ukionja kwa ncha ya ulimi chumvi hamna. Mzee akaniambia, "Mashine iliyozama usiianike juani. Kama huna nafasi leo izamishe kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, ilale humo." Bora ilale majini kuliko ipigwe na hewa ikiwa na chumvi.

Baada ya hapo tukaweka betri ya gari, gari lenyewe limezimwa, plagi bado ziko nje. Nyaya za plagi zigusishe kwenye chuma cha injini, cheche zikikosa pa kwenda zinaweza kuua CDI (kifaa kinachotengeneza cheche za plagi), na pale pana mvuke wa petroli, usicheze. Stata kidogo, acha ipoe, tena kidogo. Mara ya kwanza maji yaliruka juu ya vichwa vyetu, baadae ukungu, mwisho ikawa inapuliza hewa tu. Tukamimina petroli yenye oili nyingi kwenye silinda, tukazungusha tena.

Tangi tulinyonya lote. Ukiweka ile petroli kwenye chupa nyeupe ya maji ukaiacha itulie unaona mstari kabisa, petroli juu maji chini, na bomba la kunyonyea linaanzia chini, kwahiyo usipomwaga unainywesha maji upya. Kabureta nazo tulizifungua tukazisafisha, plagi mpya nilifuata Kariakoo.

Ikawaka jioni ileile, moshi mweupe mzito halafu ukapungua. Bila maji ya kupozea usizidishe sekunde 15 hivi. Ukitumia mpira wa bomba kuipa maji ya kupozea nchi kavu, washa injini kwanza ndo ufungue maji, na kuzima funga maji kwanza halafu injini, ukienda kinyume maji yanarudi kupitia eksozi na unaijaza upya. Kesho yake tukaishusha baharini nikaizungusha muda mrefu mwendo tofautitofauti ili joto likaushe beringi. Kipimo cha kompresheni (nguvu ya pistoni kubana hewa) silinda zote mbili zilikuwa karibu sawa, zikipishana zaidi ya asilimia 10 hapo kuna shida.

Mwenye foo stroku, ile yenye oili yake kwenye sampu, yeye aangalie oili, ukiiona imekuwa kama chai ya maziwa ina maji, badilisha pamoja na filta, washa, kagua, badilisha tena mpaka irudi rangi yake.

Hosi zote sasa zina klipu za stenlesi, mbilimbili kila ncha, na zile chini ya injini nimezigeuza skrubu ziangalie juu ili nizifikie na bisibisi bila kutoa kitu. Stata ndo imebaki, inavuta kwa uzito, wiki hii naifungua nibadilishe brashi.