Siku Moja Maishani Mwangu: Nikiwa na Kitenzi "Strafe"

Saa 2 asubuhi. Kazi yangu ni kutafsiri vitabu vya historia ya vita kutoka Kiingereza. Nimefungua sura mpya, na sentensi ya kwanza tu imenigomea. Ni tarehe 17 Julai 1944, Normandy, Ufaransa. Gari la Jemadari Mkuu Erwin Rommel wa Ujerumani linakimbia barabarani, na mwandishi anasema lilikuwa "strafed" na ndege ya Washirika, yaani nchi zilizopigana na Ujerumani. Basi, hakuongeza neno.

Saa 3. Orodha ya istilahi niliyopewa na wachapishaji inapendekeza "kushambulia kwa mabomu". Hapana, bomu halimo humo. Kitenzi hiki kinadai mambo matatu kwa pamoja: kuwe na ndege, iwe inaruka chini, na ipige kwa bunduki za rashasha au mizinga yake midogo. Rubani akidondosha mabomu kutoka mawinguni, hilo lina kitenzi chake. Askari akimwaga rashasha akiwa ndani ya handaki, nalo lina lake.

Sarufi yake haisumbui. Mtenda ni ndege au rubani, na mtendwa anafuata papo hapo bila kihusishi: msafara wa malori, treni, uwanja wa ndege, raia waliojaa barabarani. Wapo wanaotamka "streif" na wapo wanaotamka "straaf". Wote wako sawa, kwa hiyo msibishane.

Saa 5. Nimempigia afande mmoja mstaafu ambaye huwa ananivumilia. "Afande, shikamoo. Kwa nini ndege hufuata barabara badala ya kuikata?" Akacheka. "Marahaba. Wewe fikiria mwenyewe, bwana mwandishi. Ukiikata barabara, unapata lori moja na sekunde moja. Ukifuata urefu wa safu, risasi iliyompita wa mbele inampata wa nyuma." Akanieleza mkondo mzima: rubani anainamisha pua ya ndege, anateremka kwa mteremko wa wastani, anafyatua huku shabaha ikimjia, kisha anavuta usukani na kupaa kabla ardhi haijamfikia. Mpito mmoja wa namna hiyo Waingereza huuita "strafing run". Kumbe ndiyo maana treni zilikuwa windo zuri mwaka ule wa 1944: zimefungwa kwenye reli, hazina pa kukwepea, na birika la injini ya mvuke likitobolewa safari imekwisha.

Nimekata simu nikaandika: "Ndege ya Washirika iliteremka chini na kulimiminia gari lake risasi." Dereva alijeruhiwa vibaya na baadaye akafa, gari likaacha njia, Rommel akarushwa nje na kupasuka fuvu. Sasa msomaji anaona kilichotokea.

Saa 8 mchana. Mhariri ameleta ujumbe: "Mwalimu, neno moja la Kiingereza limekuwa sentensi nzima?" Nimemjibu: "Ndiyo, mwanangu, na halipungui." Akaniachia.

Saa 9. Sura nyingine ina barua ya askari wa Uingereza ya mwaka 1916. Anazungumzia "strafe" ya asubuhi, na hakuna ndege hata moja kwenye barua hiyo. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wafasiri wengi wanapoteleza.

Asili ya neno ni Kijerumani, "strafen", yaani kuadhibu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Ujerumani ilijaa kaulimbiu "Gott strafe England": Mungu aiadhibu Uingereza. Anayetajwa kuitunga ni mshairi Ernst Lissauer. Ilichapwa kwenye kadi za posta na beji. (Wajerumani wameifanya dua kwa irabu "e" mwishoni, kama sisi tunaposema "apige". "Adhibu" yetu ina asili ya Kiarabu, haibadiliki.) Askari wa Uingereza waliisikia, wakaigeuza mzaha, wakaitia mfukoni. Mizinga ya adui ikinguruma alfajiri, hiyo ni "strafe". Ofisa akikaripiwa na mkubwa wake, naye amekuwa "strafed". Maana ya ndege ndiyo iliyokuja kushinda nyingine zote, hasa kufikia Vita vya Pili.

Kwa hiyo kabla ya kuligusa neno hili natazama mwaka wa maandishi. Kwa barua ya 1916 nimeandika "kipigo cha mizinga cha asubuhi". Ningeweka ndege pale, ningekuwa nimemzulia marehemu.

Saa 12 jioni. Mpwa wangu amechungulia kompyuta yangu. "Mjomba, mbona hilo neno liko kwenye mchezo wangu? Strafe ni kwenda upande." Kweli kabisa. Katika michezo ya kompyuta ya kupigana kwa risasi, tangu miaka ya 1990, "strafe" ni kusogea kiubavu kushoto au kulia huku uso umemwelekea adui, mara nyingi kwa vitufe A na D. Ndege imeondoka, kuruka chini kumeondoka, hata kufyatua si lazima tena. Nikipewa mwongozo wa mchezo nitaandika "sogea kiubavu" na kuendelea na kazi. Nikiandika "mimina risasi kutoka angani", mpwa wangu atabonyeza D na kuuliza ndege yake iko wapi.