Saa ya kuzaliwa haijulikani: chati ya wawili inasomwaje?

Chati nyingi za wapenzi, yaani ramani za anga za siku walizozaliwa wawili zikilinganishwa, huharibika mahali pamoja. Programu inadai saa ya kuzaliwa, mtu hana, anaandika saa sita mchana ili mambo yaende, kisha anasoma nyumba (vipande kumi na viwili vya chati) na nyota inayochomoza (ile iliyokuwa ikitokeza mashariki alipozaliwa) kama vile saa amepewa na mkunga. Nyota inayochomoza hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, kwa hiyo zote kumi na mbili hupita katika siku moja. Nyumba nazo huifuata. Bila saa, hivyo viwili vifute kabisa kwenye karatasi, visikae hapo vikikushawishi.

Sayari ni habari nyingine. Zohali akienda mbio zake zote hafikishi hata dakika 10 za uzi kwa siku (mzunguko wa anga ni nyuzi 360, na uzi mmoja ni dakika 60), na Mshtarii ni karibu robo ya uzi. Jua huenda uzi mmoja, Zuhura uzi mmoja na robo akiwa kwenye kasi, Utaridi kama nyuzi mbili. Msumbufu ni Mwezi, anayekwenda kati ya nyuzi 12 na 15, yaani kama nusu uzi kwa kila saa. Kwa hiyo swali la saa isiyojulikana, ukishaondoa nyumba, kwa sehemu kubwa ni swali la Mwezi.

Njia ninayoiamini ni kupiga chati mbili za mtu yule yule: moja ya dakika ya kwanza ya siku na nyingine ya dakika ya mwisho, kwa saa za mahali alipozaliwa. Kilichomo katika zote mbili ni chako. Kilicho katika moja tu kiandike pembeni pamoja na saa zake.

Tuchukue watu wanaojulikana. Barack Obama alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na cheti chake kilichotolewa hadharani mwaka 2011 kinaonyesha 7:24 jioni, yaani saa moja na dakika 24 kwa hesabu yetu. Michelle alizaliwa Chicago tarehe 17 Januari 1964, na upande wake hakuna hati ya saa iliyowekwa hadharani.

Siku aliyozaliwa Michelle, Mwezi ulianza usiku wa manane ukiwa kwenye uzi wa 24 wa Ndoo, ukamaliza kwenye uzi wa 7 wa Samaki. Ulivuka mpaka karibu saa tano asubuhi kwa saa za Chicago. Anayepiga chati ya saa sita mchana atapata Samaki, nusu uzi tu ndani ya mpaka, na programu haitamwonya. Jibu sahihi ni kwamba nyota ya Mwezi wake haijulikani. Basi.

Sasa mlaze juu ya chati ya Barack. Zuhura wa Barack yuko kwenye uzi wa 1 wa Kaa. Ukiruhusu nafasi ya nyuzi 5, Mwezi wa Michelle unampigia Zuhura huyo pembe ya nyuzi 120 kuanzia kama saa kumi na moja alfajiri hadi saa tano na nusu usiku. Hiyo ni sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo unaweza kuisoma huku ukisema "huenda sana". Pembe ya nyuzi 90 kati ya Miezi yao miwili huanza kuhesabika kuanzia saa mbili asubuhi. Lakini tazama kingo za siku: akiwa mzaliwa wa saa nane usiku, Mwezi wake unatazamana uso kwa uso na Uranus wa Barack, akiwa mzaliwa wa kuelekea usiku wa manane unaofuata, unatazamana na Pluto. Wanajimu husoma la kwanza kama mapenzi yasiyotulia na la pili kama mapenzi ya kushikana kooni. Ni hadithi mbili tofauti, na anayechagua moja bila saa anachagua anachotaka kusikia.

Na kipo kisichotikisika. Jua la Michelle siku nzima liko kati ya nyuzi 26 na 27 na kidogo za Mbuzi, na Zohali wa Barack yuko kwenye uzi wa 25 na dakika 20 za Mbuzi hiyo hiyo. Saa yoyote utakayoweka, hawaachani kwa zaidi ya nyuzi 2. Jua la mmoja juu ya Zohali wa mwingine ndiyo alama ya kawaida ya ndoa ya wajibu na ya kudumu. Mimi ningeanzia hapo, Mwezi ungesubiri.

Nyumba pia hazipotei zote. Mwenye saa ana nyumba zake, kwa hiyo weka sayari za asiye na saa ndani yake. Kinyume chake hakiwezekani.

Kabla ya kukubali kwamba saa haipo, muulize mama au shangazi. Mara nyingi utapata "kabla ya adhana ya alfajiri" au "watoto walikuwa wanatoka shule". Dirisha la saa tatu linapunguza shaka ya Mwezi hadi uzi mmoja na nusu. Ila angalia mitego ya kwetu. "Saa mbili" ya mama ni 8:00 au 20:00 kwenye programu, kamwe si 2:00. Na "usiku wa Ijumaa" kwa wengi wa Pwani ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi; ukikosea hapo umesogeza Mwezi nyuzi 13. Aliyezaliwa Bujumbura au Goma yuko saa moja nyuma ya Nairobi. Tarehe ikiwa 1 Januari, uliza kama ni ya kweli au iliandikwa tu na karani. Ikiwa ya karani, funga daftari.

Kuna wanaoziba pengo kwa nyota ya jina, ile ya kujumlisha namba za abjadi (kila herufi ya Kiarabu ina namba yake) za jina lako na la mama na kugawa kwa kumi na mbili. Ni elimu yenye kanuni zake, na haihitaji saa. Lakini nyota ile haikutoka angani siku uliyozaliwa, usiitie mahali pa Mwezi.

Chati ya katikati, inayochukua nusu ya njia kati ya sayari za wawili, husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu shaka ya Mwezi hugawanyika kwa mbili. Kwa hawa wawili, Mwezi wa katikati uko kati ya nyuzi 13 na 20 za Punda kwa saa yoyote, kwa hiyo nyota yake inajulikana hata kama ya Michelle mwenyewe haijulikani. Chati ya Davison, inayotafuta katikati ya tarehe na mahali walipozaliwa wawili, inakupa Mwezi wa kutosha hivyo hivyo, lakini nyota yake inayochomoza itayumba saa sita kila upande. Ifute nayo.