Newport hadi New York: Kumtafuta Fundi Ndani ya Droo

Basi linalotoka Providence, mji mkuu wa jimbo la Rhode Island, Marekani, hufuata ufuo wa mashariki wa ghuba, hupita Warren na Bristol, kisha hupanda Daraja la Mount Hope na kuingia kisiwa ambacho Newport imekaa kwenye ncha yake ya kusini. Wengi wanaoshuka pale wanakwenda kushangaa majumba ya matajiri wa karne ya 19. Mimi nilishika njia ya kaskazini ya bandari hadi mtaa wa Easton's Point, walikoishi maseremala.

Nimelelewa Keko, Dar es Salaam, katika karakana ya baba, na huko unajua mapema kwamba kabati lina watazamaji wa aina mbili. Mteja hutazama vanishi. Fundi huinama, huvuta droo, huipindua. Nilikuwa nimesikia kwamba Marekani wako wataalamu wanaofanya hivyo hivyo kwa samani za enzi ya ukoloni wa Kiingereza, na kwamba kwa meno yanayounganisha pembe za droo tu wanaweza kukutajia fundi aliyekufa miaka 200 iliyopita. Nilitaka kujua madai hayo yana uzito gani.

Easton's Point ni vichochoro vya nyumba za mbao zilizobanana, nyingi za karne ya 18, na ukishuka kichochoro unakutana na maji. Hapo koo mbili za madhehebu ya Quaker, Townsend na Goddard, ziliishi, zikaoana na kufundishana kazi. John Goddard alimwoa Hannah, binti wa fundi Job Townsend. Nyumba ya Christopher Townsend, ndugu yake Job, bado imesimama Bridge Street. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikaitazama, kwa kuwa ni makazi ya watu. Kwa vizazi vichache koo hizo zilitoa mafundi karibu 20, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Walitumia mitindo ile ile: kabati la mahogani ambalo uso wake una sehemu mbili zilizotokeza na moja iliyobonyea katikati, na juu ya kila sehemu kombe la pwani lililochongwa. Wachache waliandika majina yao. Sasa utasemaje hili ni la baba na lile la mkwe?

Nyumba inayofunguliwa kwa wageni ni Hunter House, Washington Street, iliyojengwa katikati ya karne ile, na ndani mna samani za koo hizo. Mwongozaji wetu, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu, alituonyesha mguu wa kabati: ukucha wa ndege umeshika mpira. Akatuambia tuchutame tuangalie upenyo kati ya kidole na mpira. Kweli, mwanga ulipita. Fundi alichimba nyuma ya kidole hadi kikaachana na mpira, kazi ambayo patasi ikiteleza kidogo tu kidole kimekatika. Ni alama ya Newport, hasa kwenye kazi za gharama. Ukucha wa Boston haufanywi hivyo; vidole vyake vya pembeni vimelala kwa nyuma, kana kwamba ndege anavutwa. Nilipomuuliza kama tunaweza kuchomoa droo, alicheka.

Kabla ya kuondoka nilikwenda makaburi ya umma, upande ambao Waafrika wa Newport walizikwa na ambao leo unaitwa God's Little Acre. Mji huu ulitajirika kwa bahari. Meli zilipeleka madawati ya bei nafuu kuuzwa visiwa vya Karibi, zikarudi na molasi na mahogani, na Rhode Island ndiyo iliyoongoza makoloni yale katika biashara ya watumwa. Mahogani yenyewe ilikatwa na watumwa. Kwenye jiwe moja la kaburi imeandikwa kwamba limechongwa na Pompe Stevens kwa kumbukumbu ya ndugu yake Cuffe Gibbs, aliyefariki Desemba 1768. Pompe alikuwa mtumwa katika karakana ya wachonga mawe ya familia ya Stevens. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mafundi huru wa mtaa wa jirani waliacha kabati baada ya kabati bila jina, na huyu akachonga lake kwenye jiwe, mahali ambapo hakuna mtaalamu atakayehitaji tochi.

Providence nilipita haraka. Treni ikanipeleka New Haven, na hapo safari yangu ilipata maana.

Chuo kikuu cha Yale kina ghala la kusomea samani, zaidi ya vipande elfu moja vimepangwa kwa safu: viti na viti, meza na meza, bila kamba ya kuzuia wageni wala jukwaa. Tulikuwa kikundi kidogo. Aliyetuongoza alivaa glavu, akachomoa droo ya kabati la Newport na kuilaza ubavu kwenye meza iliyotandikwa blanketi. Nje mahogani, ndani mbao nyingine kabisa. Kwa mafundi wa Newport mbao za ndani aghalabu ni popla ya tulipu na chesnati, ilhali wa Boston walipenda msonobari mweupe. Sababu yake ni ya kawaida: hakuna anayesafirisha ubao wa ndani kutoka mbali wakati msitu wa karibu unao. Kwa hiyo ubao usioonekana hukutajia mji kabla hujamfikiria fundi.

Kisha akaleta tochi na kuilaza karibu usawa wa ubao, mwanga ukapita chini chini. Mawimbi membamba yakajitokeza, njia za randa ya mkono. Akasema ukikuta alama za msumeno zilizopinda kama upinde, simama hapo hapo: msumeno wa duara ulienea karne ya 19, na samani ya 1760 haina haki ya kuwa nazo. Tukaja kwenye pembe, yale meno mapana kwa mbele yanayobana ubao mwingine usichomoke. Kuna fundi anayekata meno membamba sana na kuyapanga kwa nafasi sawa. Kuna anayepitiliza msumeno hadi ndani ya ubao kwa sababu pale hapataonekana. Nilipiga picha ya pembe moja nikamtumia baba. Sauti yake ilirudi kabla hatujaimaliza safu ile. "Mwanangu, huyo alikuwa na haraka, lakini msumeno wake ulikuwa mkali. Mwangalie mwenzake."

Mwenzake tulimwona kwenye maelezo kuhusu John Townsend, aliyezaliwa 1733 na kufariki 1809. Huyu ndiye anayefanya kazi yote hii iwezekane, kwa sababu aliweka jina kwenye samani kadhaa. Ndani ya zile zenye jina wataalamu wanakuta tabia zile zile: meno safi yaliyokatwa kwa utulivu, na herufi A, B, C kwa penseli nyuma ya droo ili kila moja irudi mahali pake. Wanabeba tabia hizo hadi kwenye kabati lisilo na jina na kulinganisha. Kombe la nje linaweza kuigwa na kijana yeyote mwenye patasi na mteja anayelipa. Lakini nani ataiga namna mtu alivyozoea kuandika B mahali pasipoonekana?

Niliridhika, ila si kabisa. Karakana ya baba ina mikono minne au mitano, na droo nyingi zinazotoka pale kwa jina lake amezikata mwanafunzi. Nikamwuliza mwongozaji. Akakubali bila kujitetea: mara nyingi mbao zinaweza kuthibitisha karakana, na mtu mmoja ni dai zito zaidi. Soko, hata hivyo, linataka mtu mmoja. Mwaka 1989 dawati lenye kabati la vitabu la familia ya Brown wa Providence lilinadiwa New York kama kazi ya John Goddard, likauzwa dola milioni 12.1. Kwa bei kama hizo, mimi ningesoma maelezo ya mnada kwa jicho la mashaka.

Alitusimulia pia kiti cha Armand LaMontagne, mchongaji wa Rhode Island, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alitengeneza kiti cha mtindo wa karne ya 17, akakizeesha na kukiachia kizurure sokoni hadi jumba la makumbusho la Henry Ford, Michigan, likakinunua kama cha kale. Alipojitokeza 1977, ushahidi ulikuwa kwenye matundu. Alikuwa ameyatoboa makusudi kwa kekee ya kisasa, na eksirei iliyaonyesha yakiwa na umbo ambalo kekee ya kale haiachi. Kikundi chote kilicheka. Mimi namwona LaMontagne kuwa fundi hodari kuliko wengi wanaomlaumu, ingawa sikusema.

New York nilifika jioni, na asubuhi nikaenda jumba la makumbusho la Metropolitan, upande wa sanaa za Marekani. Kabati la droo nne la John Townsend lipo, lile lenye karatasi iliyoandikwa jina lake, Rhode Island, na mwaka 1765. Makombe yamekaa juu, mbonyeo katikati, mahogani imekolea kuwa nyekundu ya kahawia. Nilichutama kuangalia miguu hadi mlinzi akanisogelea. "Kaka, rudi nyuma kidogo." Nikamwomba radhi, nikamuuliza kama droo zile hufunguliwa siku yoyote. Akasema amefanya kazi chumba kile miaka mingi na hajaziona zikiwa wazi.