Kurudi Mokowe

Jumatano iliyopita nilivuka kutoka Lamu kwenda Mokowe, ng'ambo bara, iliko ofisi yetu, mara ya kwanza tangu nijifungue. Sikwenda kufanya kazi, nilitaka kujua kama nitaweza. Mwanangu nilimwacha kwa mama, mtaani Langoni, saa moja na nusu asubuhi, ameshiba, amelazwa juu ya leso yangu ili asikose harufu. Boti ilijaa watu wa ofisini kama kawaida, kusi inavuma, maji yanaturukia. Tulipofika katikati, mtoto wa mwanamke aliyekaa mbele yangu akaanza kulia. Si wangu, lakini maziwa yalishuka. Niliyahisi yakichuruzika, ya moto, mpaka tumboni. Buibui likanisitiri. Nikabana mikono kifuani, nikaikazia macho mikoko mpaka tukatia gati.

Nilijifungua katikati ya Aprili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inanipa miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yangu ya mwaka, siku 21 za kazi, haipotei kwa sababu nimezaa. (Dada zangu mnaosoma, hilo msikubali kuzungushwa.) Nikiziunganisha nafika katikati ya Agosti, na mtoto atakuwa na miezi minne. Kliniki wanatuambia miezi sita maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe. Hiyo miezi miwili inayobaki ndiyo inayoninyima usingizi.

Mavyaa wangu anataka niache kazi. Ndiye aliyenikanda kwa maji moto mpaka arubaini ikatimia, akanipikia uji wa pilipili manga kila asubuhi, kwa hivyo neno lake kwangu ni zito. "Mwanangu, kazi zitakuja," aliniambia. "Huyu hatakuwa mchanga tena." Hunikumbusha pia kwamba Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Sibishani naye. Mume wangu ni fundi wa kuchonga milango, na wageni wakipungua kazi nazo hupungua. Yeye anasema niamue mimi, atanikubalia. Ningependa aseme zaidi ya hapo.

Mama yangu mzazi alifiwa na baba nikiwa na miaka sita. Akaanza kuuza mahamri na viazi karai barazani, mdogo wangu kampakata, karai la mafuta linachemka hatua mbili kutoka miguu ya mtoto. Anajua kungojea kupewa pesa kulivyo. Aliniambia neno moja tu: "Usiache kazi kwa kuogopa bahari."

Nimelizingatia sana neno hilo kwa sababu ni kweli, ninachoogopa ni bahari. Ofisi ingekuwa pale Mkunguni, hapa hapa mjini Lamu, ningerudi hata kesho. Saa sita ningepanda ngazi, nimnyonyeshe, nirudi kabla chai haijapoa. Mokowe kwenyewe si mbali. Lakini boti hungoja ijae, na kusi ikichafuka manahodha hungoja zaidi. Najiona nimekaa jeti, matiti yamejaa mawe, nahesabu abiria, na mtoto ng'ambo analia.

Siku ile nilimwona mkubwa wangu, nikamuuliza nitakamulia wapi. Akanionyesha stoo ya faili ambayo mlango wake haufungi, kisha akasema wenzangu hutumia choo. Nilikasirika, na hasira haijaniisha. Hiki ni chakula cha mtoto. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea, chenye maji ya kunawa mikono, friji, meza na kiti, na atupe muda wa kunyonyesha au kukamua, usiozidi saa moja katika saa nane za kazi, mbali na wakati wa kula. Nilikuwa nimeisoma usiku kwenye simu huku nikinyonyesha, na bado mbele yake ulimi ulikuwa mzito.

Nitarudi Agosti. Barua nimeshaandika: naomba kitasa cha ile stoo, kiti, na ruhusa ya kutoka mapema niiwahi boti ya saa tisa. Jirani yetu mvuvi amenipa kasha dogo la barafu la kubebea maziwa. Wakikataa, nitaomba likizo bila malipo mpaka Oktoba.

Chupa mtoto ameikataa kabisa, na muuguzi akatushauri kikombe. Mama anatumia kile kidogo cha kahawa, kisicho na mkono. Jana nilijificha nyuma ya pazia asije akanisikia harufu. Mama akamwinua kichwa, akamgusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, akangoja. Ulimi ukatoka, ukaramba, ukarudi, ukatoka tena. Nusu ilimwagikia shingoni. Nusu aliinywa.

"Ndoo uone," mama akaniita. Sikuweza kutoka mpaka nilipomaliza kufuta macho.