Mchungaji Anayeulizwa

Kanisa letu la Baptist hapa Malindi halina picha hata moja ya siku lilipoanza. Lina madaftari. Mimi ndiye katibu wa kanisa, kwa hiyo yamehifadhiwa kwangu kabatini, nimeyafunga kwa leso kuukuu yasiingie mchwa. La kwanza liliandikwa kwa wino na mtu ambaye Kiswahili chake kimejaa Kigiriama. Anasema washirika walikutana chini ya mwembe, wakakubaliana kujenga banda: kila nyumba ilete boriti, akina mama washone makuti. Chini yake ameandika nani alileta na nani bado.

Wageni wakifika mjini hupelekwa kutazama kile kikanisa cha Wareno kando ya bahari, wakaelezwa kwamba Francis Xavier, mmishonari Mkatoliki, alipita hapa mwaka 1542 akielekea India. Ni kweli alipita. Ila sisi hatukutokana na hao. Ukoo wetu unaanzia kwa Waingereza wachache waliokimbilia Amsterdam, ambako John Smyth alianza kubatiza watu wazima mwaka 1609. Mwenzake Thomas Helwys akaona haifai kubaki ukimbizini, akarudi London, na mwaka 1612 akatoa kitabu cha kumwambia Mfalme James kwamba mfalme ni binadamu, hana amri juu ya roho za watu. Alisema mfalme hana haki ya kumwadhibu mtu kwa ajili ya imani yake, hata akiwa Myahudi au Mwislamu. Alitiwa gerezani Newgate, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Siku moja nilimsimulia habari hizo jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Akaniambia, "Huyo alilelewa vizuri, dada." Tangu hapo nikimtaja Helwys kwenye darasa la ubatizo, huanza na maneno hayo ya jirani.

Kenya tulifikiwa mwaka 1956, wamishonari wa Southern Baptist wa Marekani walipoanza kazi Nairobi na Mombasa. Huku kwetu habari zilikuja kwa basi, enzi zile Kilifi kunavukwa kwa feri. Waliozibeba walikuwa watu wa kawaida: fundi cherehani, mfanyakazi wa shambani, mama mmoja aliyeokoka Mombasa akarudi kwao. Hao ndio waliokaa chini ya mwembe.

Hatubatizi watoto wachanga, hao tunawaombea tu. Anayebatizwa ni mwenye akili zake, aliyeulizwa na kujibu mwenyewe mbele ya wote, na huzamishwa mzima baharini maji yakijaa. Msimu wa kaskazi maji ya mto Sabaki huigeuza bahari ikawa ya kahawia, mtu akatoka na mchanga masikioni. Nyanya yangu alibatizwa hivyo. Hakujua kusoma, na Jumapili iliyofuata alikuwa na kura sawa na ya mwalimu mkuu.

Watu wengi wa nje hawalijui jambo hili la kura. Hatuna askofu. Baptist Convention of Kenya ni ushirika wetu, haituamrishi. Mambo ya kanisa huamuliwa na mkutano wa washirika: mweka hazina anasoma kilichoingia na kilichotoka, watu wanauliza, mikono inainuliwa, mimi naandika. Nimeandika maswali makali. "Mchungaji, ile saruji ya mwezi jana ilikuwa mifuko mingapi, na risiti iko wapi?" Aliyeuliza ni bibi kizee anayetoa sadaka ya shilingi ishirini. Mchungaji alikwenda nyumbani kuleta risiti, na tulimngoja.

Ukame wa 2021 na 2022 ulipotubana, tulikuwa tumechanga pesa za kununua spika na kinanda. Vijana wa kwaya walizingoja kwa hamu. Bibi yuleyule akasimama: "Mungu ananisikia bila spika. Mtungi wangu ndio mkavu." Tulibishana mpaka jua likaanza kushuka. Mikono ilipohesabiwa, tangi la maji lilishinda kwa kura chache, na vijana haohao ndio waliofunga mifereji kwenye mabati. Ufunguo wa bomba anao jirani asiye mshirika, kwa makubaliano ya mkutano, ili asiwepo wa kusema maji ni ya waumini.

Sufuria zetu kubwa na viti huzunguka mtaani kwenye matanga na arusi. Tukiwa na msiba sisi, majamvi hutoka msikitini.

Lakini kurasa ninazorudia kusoma ni za mzee mmoja aliyekimbilia kwetu. Kilifi hii kuwa na mvi ni hatari. Mtoto akifa nyumbani, au shamba likiwa halijagawanywa, mzee husingiziwa uchawi, na wengi wameuawa kwa mapanga. Huyu alikuja usiku kanisani, amejeruhiwa mkono, akisema wanaomtafuta ni wa damu yake. Mkutano uliitishwa asubuhi. Mshirika mmoja alitaka aombewe kisha aondoke, na mchungaji mwenyewe aliogopa kwamba tutachomewa jengo. Nimeandika hofu yake kama alivyoisema. Kura zikapigwa, mchungaji akashindwa, mzee akabaki. Akina mama walilala kanisani kwa zamu mpaka chifu alipoandaa safari ya kumpeleka Ganze, Kaya Godoma, kunakohifadhiwa wazee kama yeye. Mchungaji alikubali uamuzi bila kinyongo, akalala nasi. Ninamheshimu zaidi tangu siku ile.

Kisha ikaja Aprili 2023. Msitu wa Shakahola uko nyuma yetu hapa, na miili zaidi ya 400 ilifukuliwa huko, ya watoto mingi mno. Walifunga kula hadi kufa, wakiambiwa na mhubiri wao kwamba watamwona Yesu. Magari yalipita kuelekea mochwari ya Malindi wiki baada ya wiki. Ukipanda tuktuk na Biblia mkononi, watu wananyamaza. Wazazi wakaondoa watoto kwenye chekechea yetu, na sikuwalaumu hata kidogo.

Tulifanya tulilolijua. Mkutano uliofuata tuliufanyia nje, tukawaalika majirani, imamu naye akaja, na nikasoma daftari kwa sauti: hesabu, mabishano, kura aliyoshindwa mchungaji. Mzazi mmoja akauliza, "Mchungaji akisema msile, mtafanya nini?" Yule bibi akajibu kabla ya mchungaji kufungua mdomo: "Tutamuuliza ameandikiwa wapi, kisha tutapika." Watoto walirudi mmojammoja.

Serikali iliunda jopo la kuchunguza mashirika ya dini, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, ambaye mwenyewe amekuwa mchungaji wa Baptist Nairobi. Mimi sipingi kanisa kusajiliwa wala kukaguliwa hesabu. Ila cheti ukutani hakimzuii mtu kumtii kiongozi hadi kaburini. Wale watu wa msituni walihitaji mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kuuliza, na akiuliza asiitwe mwasi. Nikiona kanisa ambalo pesa, ndoa na chakula cha watu viko mikononi mwa mtu mmoja, naogopa, hata kama wanaimba vizuri kutushinda.

Mkutano wetu ujao una ajenda mbili. Mabati ya upande wa magharibi yameliwa na kutu ya chumvi, na mwalimu wa chekechea hajalipwa muhula huu. Pesa zilizopo zinatosha jambo moja. Mchungaji anataka mabati kabla ya masika. Mimi nitainua mkono kwa ajili ya mwalimu, na nimeshamwambia hivyo.